ZIMA Isiyo na N

Jina la Tochi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu ya tochi ndogo ya chuma, nene kama kidole gumba, ambayo kwa miaka kumi na tisa haikubanduka kwenye mfuko wa shati lake. Mtu aliingia dukani amekumbatia kompyuta mpakato yenye kioo cheusi, uso umemshuka, akasema, "Fundi, imekufa." Tochi aliiwasha ile kompyuta, akasubiri feni ianze kuzunguka, kisha akainama na kumulika kioo kwa ubavuni huku jicho moja amelifumba. Mara nyingi, ndani ya lile giza, picha ilionekana, hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa vibaya: saa, tarehe, sura ya mtoto anayecheka.

"Njoo uone," alimwambia mteja. "Picha ipo. Iliyogoma ni taa ya nyuma yake tu. Sasa nani amekufa hapa?"

Neno hilo alilipiga marufuku dukani. Mteja aliruhusiwa kusema imegoma, imenuna, imezimia. Kufa, alisema Tochi, ni kwa mwenye pumzi, na hata huyo anayejua siku yake ni Mungu.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia la kijani. Nyuma ya pazia ilikuwa meza ya kazi, na mbele ilikuwa kaunta ya mbao. Kwenye kaunta alikaa dada yake mkubwa, mjane, ambaye ukarani wa shule ulikuwa umemwachia mgongo mbovu, mwandiko mzuri na uadui wa kudumu na makosa ya tahajia. Yeye aliandika daftari: jina la mteja, siku, ugonjwa wa kompyuta. Tochi aliandika hukumu, kwa kalamu nene, juu ya kipande cha tepu nyeupe alichokibandika kwenye kifuniko. TAA. WAYA. KADI. Na iliyokwisha kupona, ikajaribiwa, ikawa tayari kwenda kwao, aliiandika ZIMA.

"Kompyuta nzima," dada alimwambia tangu wiki ya kwanza. "Nzima. Ina N mbele."

"Dada, tepu ni ya kununua."

"Na herufi nazo unanunua?"

"ZIMA inatosha. Mwenyewe akiiona anacheka."

"Mwenyewe akiiona atadhani unamwamuru azime."

"Basi azime. Umeme nao si wa bure."

Mabishano hayo hayakwisha. Kila tepu ya ZIMA ilipopita mbele yake, dada aliguna, na Tochi alisubiri mguno huo kama mtu anayesubiri salamu.

Waliokuja kununua nao walikuwa na taabu yao. Tochi hakuuza kitu kabla ya kuuliza, "Ya kufanyia nini?" Siku moja alikuja katibu wa chama cha akiba, mzee mwenye miwani miwili shingoni, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta kubwa nyeusi iliyowaka vitufe vyekundu na kijani.

"Nataka hii."

"Ya kufanyia nini, mzee wangu?"

"Kuandika mihtasari ya vikao."

"Hii ina kadi ya picha yenye nguvu, ya mtu anayechora majengo au anayekata video. Kwako itakula betri bure, itanguruma kama jiko la gesi, na uzito wake utakuteremsha bega."

"Lakini inapendeza."

"Tausi naye anapendeza, ila hujampeleka kikaoni." Akamtolea nyingine, nyembamba, ya kijivu, akaielekeza dirishani. "Tazama kioo hiki. Unajiona?"

Mzee akabadilisha miwani, akachungulia. "Sijioni."

"Ndio uzuri wake. Haking'ai. Utasoma hata kama umekaa karibu na dirisha. Kioo cha kujitazama unacho bafuni."

Mzee aliondoka na ile ya kijivu. Dada akamwambia mdogo wake kwamba kwa tabia hiyo hawatajenga ghorofa. Tochi akasema ghorofa zina ngazi, na yeye magoti yanamuuma.

Kisa ambacho dada alikipenda kuliko vyote ni cha mwalimu wa bangili. Mwalimu huyo alikuwa amezunguka kwa mafundi wawili. Kioo chake kilizima kila alipoandika na kuwaka kila alipopumzika. Mafundi wale walikuwa wamembadilishia waya, kisha kioo chenyewe, na mambo yakawa yale yale. Tochi hakufungua hata skrubu moja. Alivuta kiti, akakaa, akamwangalia mwalimu akiandika kwa robo saa nzima, mpaka mwalimu akaanza kuona haya.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "vua bangili."

Bangili ilikuwa na kifungo cha sumaku. Tochi akamweleza, taratibu, kwamba kwenye kifuniko cha kompyuta kuna sumaku ndogo, na upande wa vitufe kuna kitu kidogo kinachoihisi. Hivyo ndivyo kompyuta inavyojua kwamba imefungwa, ikaizima taa ya kioo. "Mkono wako ukishuka, inadhani umeifunga. Inakutii tu, maskini."

Mwalimu alicheka mpaka akatafuta leso. Dada, kwenye safu ya ugonjwa, aliandika neno moja: Bangili.

Tochi alikuwa na desturi nyingine ambayo dada aliiona kila siku na hakuwahi kuiuliza. Kompyuta hakuikabidhi kwenye meza ya kazi hata mara moja. Aliibeba kwa mikono miwili kama sinia ya chai, akapita nayo kwenye pazia, akaiweka kaunta, ndipo akaiwasha mbele ya mwenyewe. Dada aliichukulia ni adabu, kwa kuwa mdogo wake alikuwa mtu wa adabu.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamfika machoni. Haukuja kwa kishindo. Kwanza alianza kuisogeza tepu karibu na pua anapoandika. Halafu akawa anazitambua skrubu kwa ncha ya kidole. Mtaani maneno yakaanza kutembea, na aliyeyatembeza zaidi ni fundi wa ng'ambo ya barabara. "Tochi siku hizi anamulika ukuta," alisema, na watu wakacheka kwa sababu ilichekesha. Dada aliyasikia akiwa kwenye foleni ya kununua mkate. Hakugeuka.

Daktari alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba figo nazo zimechoka. Kwa hiyo katika sala zake dada hakuomba mdogo wake apone, kwani aliona hilo amekwisha kulipanga Mwenyewe. Aliomba jambo moja: Mola asimwache aharibu mali ya mtu kabla ya kuondoka. Aondoke mikono yake ikiwa misafi.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kompyuta ya mchora ramani, mashine nzito yenye kadi kubwa ya picha, iliyokuwa ikizima kioo kila ramani ilipokuwa kubwa. Tochi alikaa nayo siku mbili. Alhamisi adhuhuri akabandika tepu, akasema amechoka, akaomba afungiwe duka mapema. Jumamosi asubuhi Mungu akamchukua.

Siku za msiba zilipokwisha, dada alikwenda kufungua duka ili mali za watu zirudi kwa wenyewe. Alifagia, akafuta vumbi. Vifaa vya meza ya kazi hakuweza kuviondoa. Aliviacha vilivyokuwa, bisibisi mahali pake, kila kitu mahali pake, akatandika juu yake kitambaa cheupe alichotoka nacho nyumbani, kilichopigwa pasi. Akazipanga kompyuta kumi na moja juu ya kaunta, kila moja na chaja yake, mpaka pakakosekana nafasi ya kuweka hata daftari.

Wa kwanza kuingia alikuwa mchora ramani.

"Pole sana, dada yangu. Mungu ampumzishe."

"Ahsante, kaka. Sote njia ni hiyo."

"Sikutaka kukusumbua leo. Ila michoro ya zahanati inatakiwa saa tisa alasiri, na yote imo humo. Nisipoifikisha, kazi anapewa mwingine."

Dada akaisoma tepu kwenye kompyuta yake. ZIMA. Herufi zilikuwa zimepinda, na A ilikuwa imeteremka chini ya wenzake, lakini neno lilikuwa lile lile. Kaunta imejaa, hakuna nafasi ya kuifungulia na kuichomeka, kwa hiyo dada akafungua pazia, akaiweka kompyuta juu ya kitambaa cheupe, akaichomeka chaja. Mchora ramani akabonyeza. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

Wakasubiri. Akaizima, akaiwasha tena. Giza.

"Imekufa," alisema mchora ramani.

"Neno hilo humu ndani halisemwi, kaka."

"Nisamehe." Akaitazama ile tepu. "Kaandika zima. Basi kweli imezima."

Hakusema kwa ubaya, lakini kauli hiyo ilimchoma dada. Alijua mdogo wake alimaanisha nini. Asilolijua ni kama mdogo wake alikuwa bado anaona alipoliandika.

Akatoa tochi kwenye mkoba. Tangu mazishi alikuwa akitembea nayo. Akainama kama alivyomwona akiinama mara elfu, akafumba jicho moja, akamulika kwa ubavuni. Mistari ikajitokeza kwa mbali: kuta, milango, vyumba vya wagonjwa.

"Picha ipo," alisema. "Taa tu ndiyo haipo."

"Naiona, dada. Lakini siwezi kuchora na tochi mkononi." Mchora ramani akashusha pumzi. "Nikwambie ukweli. Jamaa wa ng'ambo alinionya tangu mwezi uliopita. Alisema nisiwaachie, kwamba mwenzetu haoni tena, atanivurugia waya. Mimi nikamtetea. Acha nimpelekee sasa, labda ataiokoa."

Dada akageukia kaunta. Pale zilibaki kompyuta kumi, na wenyewe walikuwa njiani. Kama hii iliharibiwa, hizo nazo nani angeziamini? Na lile ombi lake, je, lilipita patupu?

Mchora ramani akachomoa chaja, akaiinua kompyuta ikiwa bado imefunguka, aitie kwenye begi. Kioo kikawaka.

Alisimama nayo hewani. Zahanati nzima ilikuwa mbele yake, nyeupe na buluu, na ukumbi wa kusubiri. Akairudisha mezani polepole. Kikazima. Akaiinua. Kikawaka.

"Hii imerukwa na akili," alisema.

"Hapana," alisema dada. "Inatii tu."

Neno hilo lilimtoka kabla hajajua alilitoa wapi, kisha akakumbuka: mwalimu, robo saa, bangili. Akashika ncha ya kitambaa chake cheupe, akakifunua. Pembeni mwa meza, pale pale ilipokuwa imekaa kona ya kushoto ya kompyuta, palikuwa na kisahani cheusi cha sumaku, kipana kama kiganja, ambacho Tochi alikitumia ili skrubu zisipotee. Skrubu saba zilikuwa bado zimekaa juu yake, zimesimama wima kama zinasubiri mtu. Kitambaa kilikuwa kimekifunika, na yeye kwa mikono yake mwenyewe ndiye aliyekifunika, kwa heshima.

Akaelewa pia kwa nini kwa miaka kumi na tisa hakuna kompyuta iliyokabidhiwa kwenye meza hiyo. Adabu ilikuwepo, lakini si yenyewe peke yake.

"Ilete mbele," alisema. Akaziweka kompyuta mbili sakafuni kupisha nafasi. Mchora ramani akaibeba kwa mikono miwili, akaiweka juu ya mbao, akaichomeka. Kioo kiliwaka na kubaki kimewaka. Akafungua ramani kubwa kuliko zote, ile iliyokuwa ikimzimikia, akaizungusha zahanati juu chini, paa, ngazi, dari. Feni ikapanda sauti kama mtu anayekwea mlima. Kioo hakikutikisika. Alifanya hivyo nusu saa, akiangalia saa yake, na dada akakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, midomo ikicheza kidogo. Hakuwa anahesabu dakika. Alikuwa anashukuru.

"Ni nzima," alisema mchora ramani mwishowe. "Nzima kabisa. Sasa yule wa ng'ambo nimwambie nini?"

"Mwambie avue bangili."

Hakuelewa, lakini alicheka, na dada akacheka naye, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Alipoondoka na begi lake begani, dada alibandua macho mlangoni, akalifungua daftari juu ya magoti. Mbele ya jina la mchora ramani akaandika siku, akaandika Imechukuliwa, akaweka nukta. Kisha akaandika: Zima.

Akalitazama neno hilo. Kalamu ilikuwa bado mkononi na nafasi ya N ilikuwepo. Akaligunia, akaliacha lilivyo, akainuka kukiondoa kitambaa chote juu ya meza kabla mteja wa pili hajaingia.