Gurudumu Nililolinyosha Mimi

Aibu hii ningekufa nayo moyoni, lakini mtaa mzima umeshaijua, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mjukuu wangu Ancha, tangu tukimbie vita kwetu Mucojo, alikuwa hasemi na watoto wa hapa. Akitoka shikola kusoma anainama na kigari chake cha chuma, kidogo kama kidole gumba, anakiteremsha kwenye ubao, anakitazama, anakirudisha. Kila Ijumaa watoto wanashindanisha vigari kwenye ubao mrefu walioulaza barazani kwa Mama Saidi, na wakamwambia: "Kikifika chini bila kuanguka, utacheza na sisi. Kikianguka, kaa kwenu."

Sasa mie bibi mtu nikaona nisaidie. Ijumaa asubuhi Ancha kaenda kisimani, nikakishika kigari, nikaona gurudumu moja la mbele limepinda. Maskini, mtoto hajui! Nikalinyosha kwa meno (hayo matatu yaliyobaki), nikayapaka yote manne mafuta ya nazi, tena mengi, maana kitu cha kuzunguka si kinataka mafuta? Nikakianika juani kikauke. Mchangani. (Msicheke kwanza.)

Saa ya mashindano nikaja na wenzangu wote, nimejipaka msiro, ule unga mweupe wa mti, uso mzima kama bibi harusi, nikapiga vigelegele kigari hata hakijaachwa. Kikaachwa. Kikajikokota, kikayumba, kikaenda upande, puu! chini.

Ningenyamaza yangeisha. Mimi nikaruka: "Mama Saidi, umemwaga mchanga kwenye ubao wako, hututaki wageni!"

Akakiokota, akakigeuza, akakinusa. "Bi Mwanaisha, mchanga wangu mie haunuki nazi. Kwani gari hili umelisuka nywele?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ancha hakucheka.

"Bibi, lile gurudumu nililipinda mwenyewe, gari liegemee ukingo wa ubao, lisiyumbe. Siku nne nalipinda."

Nikamwomba Mama Saidi radhi mbele za watu, nikakichukua kigari nikamrudishia mtoto.

Hapo Saidi, mkubwa wao, akauliza: "Ulilipindaje?"

Ancha akachuchumaa akaanza kueleza, huku anafuta mafuta kwa upindo wa kanga, anapaka unga mweusi wa penseli, anapinda kidogo, anajaribu, na maneno yanamtoka mengi kuliko yote niliyoyasikia tangu tufike, na vichwa vya wenzake vyote vimemwinamia. Wakampa zamu nyingine. Kigari kikafika chini, cha tatu.

Nikasogea nione. Hakugeuka hata. "Bibi, kaa mbali."

Nikakaa mbali. Na kila Ijumaa tangu siku ile nakaa mbali, mikono nimeikalia.