Neno Moja Nililomwambia Dama Kuhusu Gari

Mwanangu, ipo Jumamosi moja naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka hata harusi yangu. Nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, hapa hapa Malindi, nikasikia hodi ya watu wawili. Mmoja alikuwa Dama, mwandani wangu tangu tukiwa wasichana wa kuteka maji kwenye bomba moja. Wa pili alikuwa Bwana Hemedi, muuzaji wa duka la magari kule Mombasa, mwanamume wa tai na maneno laini. Yeye ndiye aliyemuuzia mume wangu Abdalla gari letu.

Ngoja kwanza nikwambie habari za gari lenyewe. Mimi darasa niliishia la tatu, na mitambo siijui, lakini gari lile nililijua kama mtoto niliyemlea. Saluni, yaani motokaa ndogo ya milango minne, nyekundu, imeinama mbele kama inayotaka kuchupa, na nyuma ina bawa dogo mfano wa magari ya mashindano. Siku lilipofika nililifukiza udi kwa mkono wangu, milango yote wazi, lisipatwe na jicho. Na kwenye lami, wallahi, lilikuwa raha. Miaka mitatu tulilipanda, na kila tukishika njia ya Mombasa nilikuwa nikicheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Ila lilikuwa chini mno. Pale Kilifi, zama hizo kabla ya daraja, tukiingia kwenye feri, tumbo lilikuwa likikwaruza chuma mpaka watu wageuke. "Shukeni, mama, gari lipumue!" walikuwa wakitupigia kelele, na Abdalla akijifanya hasikii. Kisha siku moja, tukienda harusini Magarini, jiwe likapasua sampu, lile bakuli la chini linalokaa oili. Gari likavutwa mpaka Mombasa, likalala kwenye ua wa duka wiki saba. Kila tukipiga simu, Bwana Hemedi alikuwa na jibu lile lile: "Spea iko melini, bibie. Wiki ijayo, inshallah."

Majirani tuliwaambia limekwenda kupigwa rangi. Hata Dama nilimwambia hivyo. Ndivyo tulivyolelewa sisi: chombo cha mume hakitiwi ila mbele za watu, na la nyumbani hufunikwa. Abdalla aliniambia, "Haya yasitoke nje," nami sikuyatoa.

Basi duka lile lilikuwa na mtindo wake. Mtu akitaka kununua gari, aliletwa kwa mtu aliyenunua zamani, amwulize mwenyewe. Ndiyo sababu ya ile hodi. Dama na mumewe Kazungu, aliyekuwa akiuza vinyago kwa watalii, walikuwa wamelitamani gari kama letu.

Nikawawekea kahawa na halua sebuleni, na Abdalla akaja akaketi.

"Muulize Mama Rukia," akasema Bwana Hemedi, mdomo umejaa halua. "Bwana huyu ni dereva tu. Mwenye gari ni mkewe."

Abdalla akacheka. Dama hakucheka.

"Mama Rukia, kweli hamjapata tabu nalo?"

"Hata siku moja."

"Na wenye duka? Wakishauza, bado wanakujua?"

"Kama ndugu wa tumbo moja."

Bwana Hemedi hakuniangalia. Alinyoosha mkono akachukua kipande kingine cha halua.

Baadaye Dama alinifuata jikoni. Akaninyang'anya mbuzi, akaketi, akaendelea kukuna nazi yangu kama siku zote, maana jikoni kwangu hakuwa mgeni.

"Sasa hapa hakuna wanaume," akasema. "Wajua mamangu yuko Marafa, na pumzi zake si nzuri. Kazungu ataka gari la kupigia madaha mbele ya Wataliano wake. Mimi nataka la kunifikisha kwa mama. Hili litafika Marafa?"

Mwanangu, nilikuwa nimefunguliwa mlango mara ya pili. Nilijua. Njia ya Marafa yapita Magarini, na huko mbele mawe ni mengi zaidi. Lakini nikisema halifiki, atajua nimemdanganya sebuleni sasa hivi, atajua na habari ya rangi, na Abdalla ataaibika kwa sababu yangu.

"Litafika," nikamwambia. "Tena mapema."

Wakalinunua, lao likiwa jeupe. Miezi ya kwanza njia ya Marafa ilikuwa imetoka kupitishwa greda, na Dama alikwenda akarudi, akaniletea mihogo na shukrani za mamake. Nikaanza kuamini kwamba sikusema uongo. Kisha mvua zikanyesha, mawe yakatokeza.

Asubuhi moja akaletewa habari kwamba mamake amezidiwa, amwita. Kazungu akawasha gari, wakaenda. Walipopita Magarini, jiwe. Sampu ikapasuka, oili yote ikamwagika njiani. Walisimama pale tangu saa tatu mpaka alasiri, ndipo lori lililokuwa likienda kupakia mananasi likawachukua. Walipofika, wakamkuta mama ameshafunikwa kanga. Wakaambiwa alikuwa akiuliza, "Dama bado?" mpaka sauti ikamwishia, saa nane mchana.

Nilikwenda matangani. Nilipika, nililia kuliko wafiwa wenyewe, na watu wakaniona mtu wa huruma.

Gari jeupe nalo likavutwa mpaka Mombasa. Bwana Hemedi akawaambia, "Hili ni gari la lami, jamani. Nani aliwaambia mlipeleke Marafa?" Na fundi aliyekuwa amelala chini ya gari, maskini hakujua asemalo, akadakia, "Sampu zake zapasuka sana hizi. Hata lile jekundu la Bwana Abdalla wa Malindi lilikaa hapa wiki saba."

Siku ya pili Dama akanijia. Alisimama mlangoni pa jiko, hakuingia.

"Nilikuuliza mara mbili, Mama Rukia," akasema. "La sebuleni nakusamehe, palikuwa na wanaume. Na la jikoni je?"

Nilikuwa na kifuu mkononi. Akaondoka.

Hatukugombana, mwanangu. Tungegombana ingekuwa nafuu. Mwezi ulipopita nilimfuata kwake kumwomba radhi, akanipa. Akanitilia chai, akanikaribisha sebuleni, kwenye viti vya wageni. Hapo ndipo nilipojua nimepoteza nini. Mpaka alipohamia Marafa, jikoni kwangu hakutia mguu tena.

Letu tulipoliuza, nilimpigisha magoti mnunuzi alione tumbo la gari, nikamweleza feri, jiwe, wiki saba na spea ya melini. Nikamwambia na raha yake kwenye lami pia, maana nayo ilikuwa kweli. Abdalla alininunia siku tatu. Mnunuzi alilichukua hata hivyo. Alikuwa mtu wa Mombasa, njia zake zote lami. Kumbe gari halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumpa mtu nusu ya habari.

Basi shika haya ya bibi yako. Mtu akikuuliza habari za kitu unachokijua, mwulize kwanza anakitakia nini, kisha mpe yote, tamu yake na ila yake. Usimwachie muuzaji kazi hiyo. Yeye yuko kazini kwake. Na usiseme wafunika la nyumbani, ikiwa mwenzio ndiye atakayeingia shimoni. Ukishateleza mara moja, ukaulizwa tena, hiyo ya pili ni rehema. Iseme kweli hapo hapo, hata uso ukiwaka moto.

Mungu akulinde na neno jepesi kama lile langu. Akujaalie mwandani wa kuingia mpaka jikoni bila hodi, na akupe ulimi wa kumfanya asitoke. Amin, mwanangu.