Mchuuzi wa kwenye gemu aliyetembea kama baba

Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2000. Upepo wa vumbi toka asubuhi. Mawingu yanapita tu, hayashuki.

Wakuu, habari za humu ndani. Huo mstari wa juu nimeunakili kwenye daftari langu la siku hiyo. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mpangilio mnivumilie. Nilichokiona nitasema nimekiona, na nisichokiona nitasema pia.

Wakati huo nilikuwa nachomelea mageti Kizota. Ukuta wa pili wa karakana yetu kulikuwa na chumba cha gemu cha jamaa mmoja, Ndahani. Yeye Mgogo, sisi kwetu Wanyamwezi, kwa hiyo mtani wangu. Kila nikipita alikuwa ananiuliza leo nimebeba mzigo wa nani, maana zamani Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara.

Sasa niwaeleze ya nyumbani, maana bila hayo uzi huu hauna maana.

Kiwanda alichokuwa anafanya kazi baba kiliuzwa, wakapunguzwa. Akaanza kuchuuza mitumba kwenye stesheni za reli, kuanzia Zuzu kwenda magharibi. Safari moja hakurudi. Tulitafuta hospitali, polisi, kwa ndugu Tabora. Kimya. Hadi tarehe hiyo ilishapita miaka mitatu.

Kila siku ya treni ya kutoka Kigoma, mama alikuwa anaenda stesheni, anasimama mpaka abiria wa mwisho ashuke. Alikonda hadi akawa anashikilia ukuta akitembea. Baba mdogo alitaka tusome dua na tuweke msiba, mama apumzike. Mama akamwambia anayetaka kumzika mumewe bila mwili aanze na yeye.

Mimi ndiye mtoto mkubwa. Neno langu lilikuwa linasubiriwa na sikuwa nalo. Nikisema amekufa, na kama yu hai? Nikisema tusubiri, mama ananiishia mkononi.

Basi asubuhi hiyo umeme wa karakana ulikatika, wa kwa Ndahani upo. Nikaingia kukaa.

Alikuwa anacheza gemu moja ya kihistoria. Unaongoza msafara wa ngamia, unapita miji ya zamani, unapigana na maharamia wa jangwani. Maandishi yote ya Kijapani. Hakuna aliyekuwa anaelewa, walikariri tu vitufe.

Kwenye mji wa tatu, pembeni ya kisima, kuna mchuuzi. Sio steringi, wala sio adui. Hana jina. Kazi yake kusimama na sanduku na kununua na kuuza vitu. Wachezaji wengi walikuwa wanampita.

Ndahani akanunua kamba kwake.

Yule mchuuzi akaichukua kamba, akaikung'uta mara mbili kwenye paja la kushoto, akageuka kutazama nyuma ambako hakuna mtu, ndipo akaitoa. Halafu akasogea hatua mbili, mguu wa kushoto unaburuta.

Wakuu, nilisogea hadi karibu na skrini.

Baba alikuwa anakung'uta kila nguo pajani mara mbili kabla hajampa mteja. Kutazama nyuma alianza alipoibiwa mzigo stesheni. Mguu uliumizwa na mashine kiwandani. Uso wa yule mchuuzi haukuwa wa baba, tena haukuwa uso, vipande vya rangi tu. Ila mwili ulikuwa wake.

Nikamwomba Ndahani anunue tena. Akanunua mara nne. Mara zote vilevile. Na Ndahani akaweka chini kidude cha kuchezea, akanitazama. Alikuwa anamjua baba.

Sijui kama nilifanya sawa, ila saa saba nilienda nyumbani nikamwambia mama. Alikuwa anajifunga kanga aende stesheni. Nilitegemea atanigombeza. Aliniuliza tu huko ni mbali kiasi gani. Siku hiyo treni ilifika mama hayupo stesheni.

Ndahani alimwamkia shikamoo, akamwekea kiti mbele kabisa. Akajaribu utani, akasema Wanyamwezi mmechoka kubeba pembe za ndovu mpaka mnataka kucheza gemu. Mama akamjibu kwamba Mgogo aliyeacha ng'ombe akashika kidude cha plastiki hana cha kumcheka mtu. Wakacheka kidogo, wote wawili bila raha.

Mchuuzi akatokea. Paja, paja, akatazama nyuma.

Mama hakulia. Alimgeukia Ndahani.

"Mtani, hii umemfundisha wewe?"

"Mama, hii nimeinunua Dar ipo kwenye kasha lake. Kuisoma tu siwezi, nitamfundisha vipi?"

Kwa wasiojua: kwetu mtu akifa, jiko la wafiwa haliwashwi, majirani ndio wanapika, na watani wanakuja msibani. Mmoja anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, hadi waliokuwa wanalia wanacheka. Wafiwa wanampa kitu, anavua, basi. Marehemu ameagwa.

Mama aliinama karibu na skrini. Vumbi lilikuwa linapiga bati juu. Kisha akasema taratibu, kama anajisemea:

"Mtani hamwigi mtu aliye hai."

Akamwambia Ndahani ampe kitu yule mchuuzi.

Ndahani akaniangalia mimi. Ndio, wakuu, neno langu lilikuwa linasubiriwa tena, kwenye chumba cha gemu. Nikamwambia mpe.

Msafara wake ulikuwa na robota moja la nguo. Akampa lote bila kuchukua chochote. Mchuuzi akalikung'uta mara mbili. Safari hii hakutazama nyuma. Akabeba sanduku, akaondoka kwa mguu wake ule hadi nje ya skrini. Kisima kikabaki peke yake.

Ndahani alisema miezi yote aliyocheza hajawahi kumwona akitoka pale. Alizungusha msafara mji mzima, hayupo.

Nitende haki. CD ile ilikuwa na mikwaruzo na ilizoea kuganda. Na hakuna aliyewahi kumpa yule mchuuzi kitu bure, kwa hiyo huenda gemu ilitengenezwa hivyo. Ndahani aliniambia kesho yake aliianza upya, mchuuzi akawepo, ila anatembea kwa miguu yote miwili. Hilo sikuliona. Na Ndahani ni mtani, anaweza kusema lolote.

Mama alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Kabla ya magharibi watu walishakaa msibani uani kwetu.

Hakwenda tena stesheni. Aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo, akanenepa, akacheka. Baba hakuna aliyeleta habari zake hadi leo, si za uhai si za kaburi.

Funzo langu, kama ni funzo: mwenye kusubiri ana haki ya kuambiwa atue. Ila anayemwambia lazima akubali kubeba yeye. Mimi bado nabeba. Zipo siku nawaza kwamba kwa neno moja, mpe, nilimzika mtu anayekula chakula chake mahali.

Anayejua gemu hiyo anieleze, mchuuzi ukimpa bure anaondoka? Na anayeona nilikosea aseme wazi, sitakasirika.

Namalizia na mstari wa mwisho wa daftari siku hiyo, kama ulivyo:

Jioni tumekula wali na maharage vya majirani. Mama amekula. Jikoni kwetu hapakuwashwa moto.