Umri wa Mama Mdogo

Fundi wa cherehani alijua vipimo vya vifua vya mtaa mzima, ila chake kilimshinda hesabu. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Mama yake aliugua saratani ya titi yeye akiwa na miaka kumi, na haikumwacha. Sasa alitaka kujua aanze lini kupimwa.

Muuguzi alimwuliza swali moja tu: "Mama aliugua akiwa na miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili." Ndivyo mama mdogo aliyemlea alivyomwambia siku zote.

"Tunatoa kumi kwenye umri wake, au tunaanza arobaini, kinachotangulia. Wewe basi anza arobaini."

Akarudi dukani mwepesi kama leso. Mama mdogo alikuwa akimsubiri amjaribishe gauni jipya. Kwenye benchi alikaa msusi wa jirani, anayeitwa Redio kwa sababu zisizohitaji maelezo.

"Nimepewa miaka minne ya kupumua!" fundi akasema huku akimbana mama mdogo pini kiunoni. "Naanza nikifika arobaini."

Mama mdogo akanyamaza. Huyu ni mwanamke ambaye ukimgusa na pini tu hutoa hotuba.

"Nimekuchoma?"

"Rudi kwa muuguzi."

"Nikafanye nini tena?"

Mama mdogo akamtupia Redio jicho. Mtaani alijulikana kuwa na miaka hamsini na minane, na ili umri huo usimame imara, kila asubuhi alimwamkia Redio, mwenye sitini na miwili, "Shikamoo dada." Dada yake marehemu, mama wa fundi, naye alikuwa amezeeshwa ili mdogo mtu abaki kigori.

"Redio, hebu toka nje kidogo."

"Nje jua kali," Redio akasema, akajiweka sawa kwenye benchi.

Mama mdogo akafumba macho kama anayemeza kwinini. "Mama yako alinizidi miaka miwili tu. Aliugua akiwa na arobaini na minne. Na mimi nina sitini na minane. Haya, mmesikia!"

Fundi akatoa kumi. Thelathini na nne. Alikuwa amekwisha kuchelewa miaka miwili, na alikuwa njiani kuchelewa mingine minne huku akishangilia.

"Mama mdogo! Muda wote huu?"

"Nilidhani ni uongo wa kujipodoa tu, mwanangu. Sikujua iko siku utakugusa wewe."

"Sitini na minane!" Redio akapiga paja. "Na mashikamoo yote niliyopokea?"

"Utayarudisha taratibu," mama mdogo akajibu.

Wiki iliyofuata mama na mwana wakaenda pamoja, wakapimwa wote wawili. Karani alipouliza umri, mama mdogo aliutaja kwa sauti ya mnadani, kana kwamba anakomoa mtu. Picha zao za matiti zilitoka safi. Fundi akaambiwa arudi kila mwaka. Njia nzima alimshika mama mdogo mkono. Alitafuta neno la shukrani, na kila alilopata lilikuwa kama mita moja ya kitambaa kwa gauni la mama mdogo: halizunguki.

Siku hizi Redio hafungui saluni kabla ya kusimama mlangoni pa fundi.

"Shikamoo dada! Na nyingine hii, ya mwaka juzi!"

"Marahaba," mama mdogo hujibu, meno yamebana.

Nyuma ya cherehani, fundi huacha kukanyaga ili asikie vizuri.