Soksi ya Mkono Mzima

Daktari wa mazoezi alirudi kutoka semina Unguja na vitu vitatu: mkoba mpya, cheti, na soksi moja nene ya kijivu. Mkoba sikuujali. Cheti alituonyesha kwenye simu, nikakikagua mpaka muhuri. Soksi ndiyo iliyonitia wasiwasi. Mtu mzima anasafirije na soksi moja?

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikienda kununua samaki, namtazama macho samaki kwanza, kisha muuzaji. Tena ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani Wambaa kupumzika kidogo, na hadi leo sijamaliza kupumzika. Kwa hiyo mama alipopata kiharusi, upande wake wa kushoto ukalegea, hakikuitwa kikao cha kujadili nani atamuuguza. Ndugu zangu walinitazama tu, nami nilikuwa nimeshakaa.

Mguu ulirudi kiasi. Baada ya miezi minne alikuwa akitembea kwa kushika ukuta. Mkono wa kushoto ndio uliobaki umelala mapajani kama mgeni asiyesema lini ataondoka. Na mama alitaka jambo moja tu kutoka kwa mkono ule. Alilisema siku tuliyorudi kutoka hospitali, wakati namtawaza chooni, uso kaugeuzia ukutani: "Mungu anijaalie siku moja nijistanji mwenyewe, na mlango nimeufunga." Mkono wa kulia aliweza kushika kopo na kumimina maji. Wa kushoto, wa kujioshea haja, ndio haukuwepo. Niliitikia amin. Tangu hapo hatukulitaja tena, ingawa tuliingia nalo chooni kila siku.

Daktari huyo, mwanamke wa Kengeja, rika langu, alikuwa akija kila Jumanne kwa bodaboda. Akimnyoosha mama vidole, akimkanda, akimpa mpira aubinye huku akihesabu mpaka kumi. Nilijifunza yote, nikajiona nusu daktari. Alipotuaga kwamba anakwenda wiki tatu kuongeza ujuzi, kuna wataalamu wanafundisha namna mpya za kuwarudisha watu wa kiharusi, nilimwambia mama:

"Kaenda kula biriani huyo. Ujuzi gani utaongezwa kwenye kubinya mpira?"

"Na huo mpira ulioachiwa unibinyishe kila siku, uko wapi?" akauliza mama.

Ulikuwa chini ya kabati. Ulikuwa huko tangu wiki ya kwanza.

Basi Jumanne ile aliporudi, daktari akavuta kiti, akamvisha mama soksi. Mkono wa kulia. Ule mzima. Akaifunga kwa kitambaa kwenye kifundo.

"Dokta, umekosea mkono," nikasema, kwa upole wa mtu aliyekamata mwizi.

"Sikukosea. Kwa muda wa saa mbili kila siku, akiwa amekaa, huu ulale, na ule mgonjwa ufanye kazi. Akitaka kusimama mvue, asije akaanguka." Akamgeukia mama. "Mkono ule haujafa, bi mkubwa. Ila huu mzima una kiherehere, unamwahi mwenzake kila kitu, na ubongo umeshazoea kumsahau."

"Na kukanda?" nikauliza.

"Kukanda tumekupunguza."

Nilijua tu. Kukanda ndiko nilikokuweza.

Alituachia karatasi ya kazi za kufanya. Ya kwanza ilikuwa kula, ya pili kuchana nywele, ya tatu kufungua kurasa za kitabu. Mama ana kitabu kimoja, nacho ni msahafu, na msahafu haufunguliwi kwa mkono wa kushoto. Nilipaswa kusema palepale. Lakini mimi, kwa moyo safi kabisa wa mtu anayetaka jambo lishindwe, niliamua kulitekeleza kama lilivyoandikwa.

Mchana wa pili yake nikampakulia mama muhogo wa nazi, nikamvisha soksi, nikaiweka sahani upande wa kushoto. Mama akaitazama sahani, akanitazama mimi. Hapo hapo shangazi akapiga hodi na kuingia kwa pamoja, kama kawaida yake.

"Astaghfirullah! Mtu mzima mwamfunga mkono wa kulia, ale kwa shoto?"

"Dokta kasema. Kaitoa semina."

"Semina ya nani hiyo?"

"Mie sijala bado," mama akasema. "Mmoja wenu anivue hiki kitu kabla hamjanitia dhambini. Muhogo unapoa."

Kufikia alasiri kijiji kizima kilijua kwamba namlisha mama kwa mkono wa kushoto.

Jumanne iliyofuata nilimngoja daktari mlangoni na karatasi yake mkononi kama kizibiti.

"Kula kwa kushoto, dokta. Na wewe mtu wa Kengeja!"

Aliitazama karatasi. "Nimeitoa kopi kama nilivyopewa," akasema. "Mwalimu alituonyesha video, mgonjwa anakunywa supu kwa kijiko, kwa kushoto. Sisi wa visiwani tukatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza."

"Kwa nini?"

"Wewe ungeuliza?"

Darasani nilikuwa mtu wa kiti cha nyuma.

Akaikunja ile karatasi, akakaa karibu na mama. "Bi mkubwa, niambie wewe. Kabla ya maradhi, huu mkono kazi yake ilikuwa nini?"

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Daktari akatutazama sote wawili, na nadhani hapo ndipo zamu ya kushukiwa ilipohamia kwangu.

"Nenda kachemshe chai," mama akaniambia.

Nilikwenda, lakini chai haikuchemka, maana nilisimama nyuma ya pazia. Walinong'ona sana. Kisha nikamsikia daktari: "Mbona hamkusema? Ningeanza na hilo tangu siku ya kwanza."

"Aibu, mwanangu. Nikadhani huyu atasema."

Huyu ni mimi. Na mimi nilikuwa nikidhani nitasema Jumanne ijayo.

Soksi ikarudi, lakini na kazi nyingine. Asubuhi mama alikaa ukingoni mwa kigoda, mkono wa kulia umelala, wa kushoto ukikamua kitambaa ndani ya beseni. Kisha akiupeleka nyuma. Wiki ya kwanza uliishia ubavuni. Wiki ya tatu ukagusa nyonga. Sikuamini. Nikavuta kiti nyuma yake, nikamchunguza kama msimamizi wa mtihani, mpaka nikamkamata.

"Dokta, mama anaiba. Mkono hauendi wenyewe, anausukuma kwa bega."

"Umeona vizuri," akasema daktari. "Kuanzia leo wewe ndiye wa kulizuia bega."

Nilikuja kushtaki, nikapewa kazi. Nikalizuia bega kila asubuhi, saa mbili nzima, huku mama akiniuliza kama nimeumbwa na mikono au na magogo.

Ijumaa moja asubuhi alishika ukuta mpaka chooni, nami nyuma na kopo. Nikaliweka juu ya ndoo, nikakunja mikono ya nguo kama kawaida.

"Toka," akasema.

"Mama, sakafu ina maji."

"Toka!"

Nikatoka. Nikasikia komeo. Lilichukua muda kuingia, likakwama, likaingia. Kisha kimya. Kisha maji, kidogo. Kimya tena, kirefu, nikamwona kichwani mwangu ameanguka mara tatu. Kisha maji tena, mengi.

"Umekwenda?" akauliza kutoka ndani.

"Nimekwenda."

"Muongo. Naiona miguu yako chini ya mlango."

Nikasogea hatua mbili pembeni, pale ambapo miguu haionekani.