Fiche Iliyobaki Nyekundu

Nimechoka na rangi nyekundu. Tangu programu ya kukagua katalogi iletwe kwenye maktaba yetu ya chuo, hapa Butembo, kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta na kuonyeshwa makosa: hapa hakuna mwaka, pale hakuna mada, fiche hii, yaani kadi ya kitabu, ni sawa na ile. Umeme ukikatika napumzika. Ukirudi, wekundu nao umerudi.

Kinachoichanganya programu hiyo zaidi ni sisi wenyewe. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ana lake, wa pili lake, na majina ni yale yale katika kila nyumba. Mimi ni wa pili. Ukiniita sokoni, wanaume kadhaa watageuka pamoja nami. Programu haijui zamu hizo. Ikiona tasnifu mbili zenye jina moja, kitivo kimoja na mwaka mmoja, inasema ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, kisha inakuletea kitufe cha kuziunganisha.

Mimi nilikuwa nakwenda rafuni kufungua tasnifu moja moja. Mkuu wangu akakosa subira, maana wakaguzi walikuwa njiani.

"Unganisha tu," aliniambia. "Écran ikuwe vert, tupumuzike."

Nilibishana naye kidogo, nikashindwa. Mwenye nguvu mpishe. Aliketi mwenyewe akabonyeza hadi kioo chote kikawa kijani.

Baadaye akaja mama mmoja kutoka Beni, kitenge kimejaa vumbi la njia. Mwanawe wa pili alisoma kwetu. Aliuawa shambani, na nyumba ikachomwa pamoja na vitu vyake vyote.

"Niko natafuta kitabu yake," alisema. "Sijue kusoma, mais nataka niishike tu."

Nikaandika jina. Ikatoka fiche moja, safi, ya kijani. Nikamletea tasnifu iliyotajwa humo, akaniuliza inasema nini. Nikamwambia inazungumzia samaki wa Kyavinyonge.

"Hapana. Wangu aliandika juu ya kahawa ya Vuhovi." Akaitazama kompyuta. "Donc yake haiko?"

Neno hilo lilinikata maini. Nikamwambia, "Ikala, mama, kaa hapa uningojee," nikaenda kupekua rafu kwa mikono, vumbi likinikaba koo na hasira ikinipanda. Kahawa yake nikaikuta chini kabisa, imebanwa na tasnifu nene za sheria. Nikamfungulia ukurasa wa kwanza, nikamsomea kwamba kazi hii ameitoa kwa mama yake, aliyeuza ndizi ili yeye asome.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena. Aliweka kiganja juu ya karatasi, kisha akaniuliza ikiwa ataikuta hapo akirudi. Nikamwambia ataikuta.

Alipoondoka nikaiandikia tasnifu ile fiche yake upya. Programu ikaigeuza nyekundu palepale: jina lilelile, kitivo kilekile, mwaka uleule. Nikazima mashine, nikaenda nyumbani.

Asubuhi mkuu aliiona fiche ile nyekundu kabla hata sijaweka mfuko wangu chini.

"Na hii rouge ni ya nini tena?"

"Ni mutoto wa mutu, chef," nikamjibu. "Tumuache."