Kasuku Aliyeinamisha Kichwa

Binti yangu alipopata kazi ng'ambo aliniachia sofa, friji na kasuku wa kijivu mwenye vibali vyake vyote. Sofa na friji hazikunisumbua. Kasuku aliwekwa sebuleni kwangu, hapa Kitengela, pamoja na maagizo marefu ya sauti kwenye simu ambayo sikuyasikiliza. Mtu aliyelea watoto wanne na mbuzi wasiohesabika atafundishwa nini kuhusu ndege mmoja?

Basi nikawa mtaalamu. Aliposaga mdomo jioni, kre kre kre, nilijua anaunoa ili aning'ate. Alipotapika mahindi mbele yangu huku akitikisa shingo, nilijua ni minyoo. Nilienda kwenye duka la dawa za mifugo, na muuzaji, msomi mwenzangu, akaniuliza mnyama ana kilo ngapi. Nilirudi mikono mitupu, na hiyo ndiyo bahati pekee aliyoipata ndege huyo mwaka ule. Baadaye binti yangu aliniambia kwamba kasuku humtapikia anayempenda. Asante sana kwa mapenzi hayo.

Kilichoniudhi zaidi ni kichwa. Kila asubuhi nikipita na chai yangu, alisogea hadi kwenye waya wa tundu lake, akainamisha kichwa, akatimua manyoya ya shingoni na kutulia hivyo. Mimi nimefuga kondoo dume. Anayeinamisha kichwa mbele yako anapima umbali. Kwa hiyo nililipiga tundu kwa kitambaa cha vyombo, pa! naye akarudi nyuma kabisa. Kesho yake aliinama tena. Nikasema huyu ana kichwa kigumu.

Baada ya miezi sita akaanza kujinyonyoa. Nilifagia manyoya kila siku mpaka kifua kikabaki wazi kama cha kuku wa Krismasi. Daktari wa mifugo akasema hana ugonjwa ila upweke, na kwamba wengine hujinyonyoa mpaka wakajiumiza wakafa. Upweke! Nyumbani kwangu, redio ikipiga kelele kutwa! Jirani yangu, mtu wa maombi, alikuwa na jibu bora zaidi, pepo, akamkemea kwa nusu saa. Kasuku akajifunza kusema "toka".

Lakini siku nilipoona damu kwenye ngozi ile niliogopa kweli. Sikutaka afie mikononi mwangu. Nikakubaliana na mfugaji mmoja wa ndege kule Matasia aje amchukue Jumamosi.

Ijumaa mchana akaja baba mkwe wangu kutoka Kisaju. Mimi ni mtu wa Kiambu niliyeolewa Umaasaini, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba mbele ya mzee unainamisha kichwa, naye anakuwekea mkono utosini. Ndiyo salamu. Nina mvi sasa, na bado huinama. Niliinama mlangoni, akanigusa kichwa, akaingia.

Kasuku akasogea kwenye waya, akainama.

Mzee hakusita hata kidogo. Alipitisha vidole viwili kwenye waya, akamgusa utosini, akaviacha hapo. Ndege akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshanyanyua kitambaa kumwokoa mkwe wangu, nikabaki nacho hewani kama mjinga.

"Huyu mtoto iko na adabu," mzee akasema. "Kwani anasalimia hivi kila siku?"

"Kila siku, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu aje. Miezi nane."

"Na nyinyi mnamuitikia aje?"

Nilikishusha kitambaa, nikakificha nyuma ya mgongo. Mtoto akikuinamia ukampita, Kisaju watakusema mwaka mzima, na wana haki. Niliona aibu ambayo sijawahi kuionea binadamu.

Mzee alipoondoka nilimsogelea kasuku kwa kidole kimoja. Akarudi nyuma kabisa, akajibana kwenye kona, akanyonyoa unyoya mmoja. Nilimwachia nafasi.

Jumamosi yule mfugaji alifika mapema na tundu lake. Nilimpa chai, nikamwomba radhi kwa safari, nikamwambia ndege haondoki.

"Amepona?" akauliza.

"Bado," nikamwambia. "Lakini leo asubuhi ameniinamia. Ila kwanza aliniangalia mikono, mmoja, halafu mwingine."